Amana Iliyo Mikononi Mwetu: Wajibu wa Jumuiya katika Kuwakinga Vijana na Dawa za Kulevya

Nakala ya mhadhara uliotolewa ukumbini baada ya sala ya Tarawehe, usiku wa kuamkia tarehe 18 Ramadhani 1447. Umeandikwa kama ulivyosemwa. Yameondolewa tu maneno yaliyokaririwa.

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Tunamshukuru Yeye aliyetufikisha katika usiku huu tukiwa na uzima, na tunamsalia na kumsalimu Mtume wetu Muhammad, ahali zake, masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu, na nyinyi vijana mlioketi nyuma karibu na mlango: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Amma baad. Zimebaki siku tatu tuingie katika kumi la mwisho. Kwa desturi, mhadhara wa usiku kama huu hueleza fadhila za Lailatul Qadri, adabu za itikafu na hukumu za Zakaatul Fitri. Hayo yatafuata katika siku zijazo, inshaallah. Usiku wa leo kamati imeona, baada ya kushauriana na wazee na baadhi ya wazazi, kwamba liko jambo ambalo tumelichelewesha mno, na kwamba kulichelewesha zaidi ni khiyana. Jambo hilo ni vijana wetu na vileo: bangi, sigara za mvuke, gesi za maputo, vidonge, na vinginevyo ambavyo majina yake yanabadilika kila mwaka.

Wanazuoni wetu wametaja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Ni vitu vichache duniani vinavyoyashambulia yote matano kwa wakati mmoja kama vinavyofanya vileo. Kijana huacha sala kwanza, kisha hupoteza afya, kisha fikra, kisha heshima kati yake na wazazi wake, na fedha ya nyumbani huondoka kidogo kidogo bila ya mtu kujua inakokwenda. Hukumu ya jambo hili haina utata kwetu, na aya ya 90 ya Suratul Maida inajulikana hata na watoto wa madrasa. Basi hatukusimama hapa kuthibitisha uharamu wake. Tumesimama kuulizana swali jingine: mtoto wa mmoja wetu anapoanza kuteleza, sisi wengine huwa wapi?

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja wa jumuiya hii aliwajia watu watatu wa kamati baada ya sala ya Ijumaa. Mwanawe alikuwa na umri wa miaka 16. Alikuwa amekuta bangi katika mkoba wake wa shule, na fedha ambazo yeye mama hakumpa. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote, na sauti yake ilikuwa ya chini mno hata tukamwomba arudie. Sisi tuliokuwapo tulimuuliza maswali mawili. La kwanza: je, kuna mtu mwengine ajuaye? La pili: je, hamna jamaa kule nyumbani, mwambao, mkampeleka akatulia?

Hatukumuuliza mtoto alianza lini, wala anatumia pamoja na nani, wala fedha zile zinatoka kwa nani. Hatukuomba kukaa na mtoto hata mara moja. Tulichanga nauli. Katika muda wa mwezi mmoja mtoto alikuwa ameshapanda ndege, nasi tukaona tumemsaidia mama, na tumeisafisha jumuiya.

Ndugu zetu, tulikuwa tumesahau jambo ambalo kila mtu wa mwambao analijua. Unga umeingia katika miji yetu ya pwani tangu miaka ya 1980. Heroini inayotoka Afghanistan husafirishwa kwa majahazi katika Bahari ya Hindi na kushushwa katika fukwe za Afrika ya Mashariki, na sehemu yake haiendelei na safari. Hubaki hapohapo, katika mitaa ya Unguja, Mombasa, Malindi, Tanga na Dar es Salaam. Tunao ndugu na majirani tuliosoma nao Kurani katika chuo kimoja ambao leo wamelala makaburini kwa sababu hiyo. Tukampeleka mtoto wa miaka 16, mpweke, mwenye hasira, asiyekijua Kiswahili cha mtaani, aliyezoea bangi, katika mji ambao unga unauzwa umbali wa vichochoro viwili. Alipofika miaka 18 alikuwa ameshaijua arosto.

Na mama yake aliacha kuja msikitini. Tulidhani ni kwa huzuni ya mtoto. Baadaye tukafahamu kwamba alilisikia jina la mwanawe katika harusi, kwa kinywa cha mtu ambaye yeye hakumwambia kitu. Siri aliyoileta kwetu watu watatu ilikuwa imeshatembea.

Alhamdulillahi, kijana huyo yu hai. Yuko katika nyumba ya upataji nafuu, zile ambazo watu huziita soba, ambako wanaowaangalia wagonjwa ni watu waliopitia njia hiyohiyo wakaokoka. Mwezi huu anafunga. Mama yake ametupa idhini ya kulisimulia jambo hili kwa masharti mawili: tusitaje jina wala mji, na tuseme waziwazi kwamba ushauri wetu ulikuwa mbaya. Tumelitimiza la kwanza, na sasa tunalitimiza la pili. Ushauri wetu ulikuwa mbaya. Tulikuwa tunajali zaidi jina la jumuiya kuliko mtoto wa jumuiya.

Kwa nini tulifanya hivyo? Kwa sababu tumechanganya mambo mawili yanayofanana kwa sura: stara na kuficha. Stara ni ibada. Dini yetu imetuahidi kwamba amsitiriye ndugu yake naye atasitiriwa. Lakini anayemsitiri ndugu yake humfunika nguo huku akiwa amekaa naye. Sisi tuliifunga milango, tukaondoka, kisha tukamtangaza. Mtoto hakupata tiba, na mama hakupata stara. Wazee wetu walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na katika jambo hili kilio kimekwisha kusikika katika nyumba zaidi ya moja.

Tutazame mwendo wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Katika zama zake alikuwako mtu aliyeshindwa kuacha pombe, akaletwa mbele yake kwa adhabu zaidi ya mara moja. Mmoja wa waliokuwapo, alipoona jinsi anavyoletwa mara kwa mara, akamlaani. Mtume akamkataza, na akamshuhudia mtu yule kwamba anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na katika tukio jengine la namna hiyo, aliwakataza masahaba kumsaidia shetani dhidi ya ndugu yao. Hadithi hizi zimo katika Sahihi Bukhari. Zingatieni kwamba hukumu haikuachwa. Mtu yule aliadhibiwa. Ila hakutolewa katika safu. Aliendelea kuwa mtu wa Madina, ajulikanaye kwa jina, mwenye nafasi katika jamii na katika moyo wa Mtume. Kijana wetu anayevuta bangi leo, je, anayo nafasi katika safu zetu, au tunamtazama mpaka akatoka mwenyewe?

Sasa tuseme machache kuhusu vitu vyenyewe, kwa sababu wazazi wengi tunapambana na adui tusiyemjua sura.

Sigara za mvuke, zile zinazonukia embe na fenesi, si mchezo wa watoto. Sheria ya nchi hii inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na tangu tarehe 1 Juni 2025 zile za kutumia na kutupa zimepigwa marufuku kuuzwa kabisa. Lakini zingali zinapatikana, na hatari yake imezidi. Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath walipima sigara za mvuke zilizochukuliwa kutoka kwa wanafunzi mashuleni hapa England, wakakuta kwamba takriban moja katika kila sita ina spaisi, yaani kemikali iliyotengenezwa kuiga bangi, nayo ni kali kuliko bangi yenyewe. Mara nyingi mtoto huuziwa kwa jina la mafuta ya bangi, na hajui alichokivuta mpaka aanguke.

Gesi ya maputo, ile ya vichupa vya chuma mnavyoviona vimetupwa katika maegesho ya magari, imewekwa katika orodha ya dawa za kulevya tangu tarehe 8 Novemba 2023. Kukutwa nayo kwa ajili ya kulewa kunaweza kumfikisha mtu gerezani. Inaiharibu vitamini B12 mwilini, na mwenye kuizoea anaweza kupata ganzi ya miguu na hata kushindwa kutembea. Dawa ya kikohozi yenye kodeini, ambayo vijana huichanganya na soda, haiuzwi tena hapa bila ya cheti cha daktari tangu mwaka 2024. Na makabati ya nyumba zetu je? Vidonge vya maumivu vya bibi, vilivyobaki baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti, viko wapi usiku huu, na nani anavihesabu?

Kisha liko jambo la magenge. Wanaouza dawa katika miji mikubwa huwatumia watoto kuzipeleka katika miji midogo kwa treni. Humwanza mtoto kwa zawadi: viatu, simu, chakula. Baadaye humwambia ana deni. Mtoto mwenye simu mbili, mwenye viatu ambavyo hukumnunulia, anayepotea siku nzima na kurudi amechoka na hasemi, huyo huenda si mhalifu. Huenda ni mateka. Mzazi akianza kwa kumpiga, anamrudisha mikononi mwa wale wanaomwambia kwamba wao ndio wanaompenda.

Ndugu zetu, na katika mwezi huu mtukufu tunao mlango wetu maalumu wa hatari, nao tumeufungua kwa mikono yetu. Tarawehe humalizika kiasi cha saa tatu na nusu usiku. Daku ni kiasi cha saa kumi. Baina yake ni zaidi ya saa sita. Mzazi amechoka, kesho ana kazi, analala. Kijana amemwambia yuko msikitini, na ni kweli alikuwapo. Baada ya salamu ya mwisho ya witri anakwenda wapi? Tumewauliza vijana wenyewe, nao wametujibu kwa ukweli tunaoushukuru: wanakwenda katika magari, katika maegesho, katika mikahawa ya shisha. Baadhi yao wamesema kwamba mara yao ya kwanza kuonja kitu ilikuwa usiku wa Ramadhani, wakiwa wamevaa kanzu. Hawakukusudia maasi. Walikuwa na usiku mrefu, na hapakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Basi tufanye nini? Iko mifano miwili ya kuzingatia, mmoja wa zamani na mmoja wa zama zetu.

Wa zamani ni wa Madina. Pombe haikuharamishwa kwa siku moja. Kwanza watu walielezwa, katika Suratul Baqara, kwamba madhara yake yanazidi manufaa yake. Kisha, katika Suratun Nisaa, wakakatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa. Mwishoni ndipo ilipoteremka aya ya Suratul Maida. Anas bin Malik ameeleza kwamba yeye alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha pale mnadi alipopita, akaamrishwa aimwage, na pombe ikatiririka katika njia za Madina. Tuangalie jinsi ilivyokuwa: ilimwagwa na nyumba zote kwa pamoja. Hapakuwa na nyumba iliyoachwa ipigane peke yake, na hapakuwa na kijana aliyebaki akijiuliza mbona kwa jirani bado wanakunywa.

Wa zama zetu haukutoka kwa Waislamu, na hekima huchukuliwa popote ilipo. Ni wa Iceland, nchi ya kisiwa huko kaskazini yenye watu takriban laki nne. Mwaka 1998, katika kila wanafunzi 100 wa miaka 15 na 16, 42 walikuwa wamelewa pombe ndani ya siku 30 zilizotangulia. 23 walivuta sigara kila siku. Na 17 walikuwa wamewahi kutumia bangi. Kufikia mwaka 2016, waliolewa walikuwa 5, wavutaji wa kila siku 3, na walioonja bangi 7. Walifanyaje? Waligundua kwamba kuwatisha watoto kwa mihadhara peke yake hakuzai matunda. Wakatazama maisha ya mtoto yalivyo: anakaa na wazazi wake muda gani, wazazi wanawajua rafiki zake au hawawajui, ana shughuli gani baada ya shule, na usiku yuko wapi. Wazazi wa shule moja wakawekeana ahadi za pamoja. Wakapanga zamu za kutembea mitaani usiku wa mwisho wa wiki, si kwa kukamata mtu, bali waonekane. Sheria ikawekwa kwamba watoto wa miaka 13 hadi 16 wasiwe nje peke yao baada ya saa nne usiku wakati wa baridi na saa sita wakati wa kiangazi. Na mji mkuu ukazisaidia familia fedha ili kila mtoto apate michezo, muziki au sanaa.

Hayo yote, ukiyatazama, wazee wetu waliyafanya bila ya uchunguzi. Katika mtaa wa Kiswahili mtoto alikuwa na mama kumi. Ukionekana kona isiyokuwa yako baada ya Isha, habari ilifika nyumbani kabla yako. Tulipohamia huku tuliihamisha biriani na halua, tukayahamisha maulidi na dufu, lakini jicho lile la jirani tuliliacha. Mkono mmoja haulei mwana, na hapa Uingereza kila mama amebaki na mkono wake mmoja, mwengine umeshika kazi ya zamu ya usiku.

Kwa hiyo kamati inatangaza mambo manne, na inaomba mikono yenu.

La kwanza, kuanzia usiku wa 21, ukumbi huu hautafungwa baada ya Tarawehe. Utakuwa wazi mpaka daku, kila usiku hadi mwisho wa mwezi. Patakuwa na chai, chakula, mpira wa meza, na chumba cha mazungumzo, na wenye kutaka kusali watakuwa na nafasi yao. Tunahitaji watu wazima sita kila usiku. Hatuhitaji mashekhe, tunahitaji wenye subira na wanaojua kucheka na vijana. Baada ya Idi tutaendelea kila Ijumaa na Jumamosi usiku.

La pili ni ahadi ya wazazi. Karatasi ziko mezani, upande wa kina mama na upande wa kina baba. Ahadi yenyewe ni fupi: tutakubaliana saa za watoto kurudi nyumbani, mtoto akisema analala kwa rafiki, mzazi atampigia mzazi mwenzake, na shisha haitawekwa katika harusi wala sherehe zetu. Mtoto akisema kwamba wenzake wote wanaruhusiwa, nawe unajua kwamba wenzake wote wazazi wao wametia saini, hoja hiyo imekwisha.

La tatu ni mlango wa siri. Wameteuliwa wanawake wawili na wanaume wawili ambao wataanza mafunzo baada ya Idi. Mzazi au kijana yeyote atawaendea, na wao wameapa kutosema kwa mke wala mume, wala kwa kamati. Kazi yao ni kusikiliza, kisha kumsindikiza mwenye shida kwenye tiba. Vituo vya tiba ya uraibu katika nchi hii havitozi malipo, na mtu huweza kujipeleka mwenyewe bila ya barua ya daktari. Kuomba tiba si kosa la jinai. Na palipo hatari kubwa kwa uhai wa mtoto, kama kuwa mateka wa genge, watamwambia mwenye siri kwanza, kabla ya kumshirikisha yeyote mwengine.

La nne linamhusu kila mmoja wetu, nalo ni ulimi. Tuache kuwaita watoto wa watu mateja. Tuache kutuma picha na sauti katika makundi ya simu tukiuliza, huyu si mtoto wa fulani? Kama umeona jambo, mwendee mzazi wake kwa faragha, na umwendee ukiwa na msaada mkononi. Kama huna msaada, mwombee dua, na unyamaze.

Na kabla hatujawageukia vijana, tujiangalie sisi wazee. Vijana wanatuona tukitoka nje kuvuta sigara mara baada ya tende tatu na maji. Wapo wanaokumbuka kwamba mirungi ilikuwa ikiliwa katika vyumba vyetu vya wageni, ikifika kwa ndege ingali mbichi, mpaka tarehe 24 Juni 2014 ilipopigwa marufuku hapa. Wengine wetu hatukuiacha kwa kumcha Mola. Tuliiacha kwa sababu ilipotea sokoni. Mzazi anayefuturu kwa sigara hawezi kumwambia mwanawe habari ya sigara ya mvuke akasikilizwa. Mwezi huu umetuthibitishia kwamba kutoka alfajiri hadi magharibi tunaweza kuacha. Basi aliyeweza saa kumi na tatu, na aombe msaada kwa saa zilizobaki.

Sasa ninyi vijana. Tunajua kwamba mengi tuliyoyasema mnayajua kuliko sisi. Tunawaomba mambo mawili tu.

La kwanza ni la kuokoa roho. Mwenzenu akianguka, akawa haamki, akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, au midomo ikabadilika rangi, msimkimbie. Pigeni 999. Mlazeni kwa ubavu, na kaeni naye. Waambieni wahudumu ukweli wa alichokitumia, kwa sababu tiba inategemea ukweli huo. Iko dawa iitwayo naloksoni, hupulizwa puani, nayo huweza kumrejesha aliyezidiwa na heroini au kodeini mpaka gari la wagonjwa lifike. Wale wanne wa mlango wa siri watafunzwa kuitumia. Mkiogopa wazazi, ogopeni baadaye. Mzazi yuko tayari kukasirika na mtoto aliye hai.

La pili ni kwamba mtujaribu tena. Nabii Yusuf, amani imshukie, alipoota ndoto yake akiwa mdogo, aliipeleka kwa baba yake. Nabii Yaqub hakumcheka wala hakumfukuza. Alisikiliza, akamwonya, akamfungulia matumaini. Sisi hatukuwa akina Yaqub kwenu. Mmetuletea mambo tukayajibu kwa kelele, au kwa tiketi ya ndege. Tunawaomba radhi kwa hilo mbele ya wazee hawa. Na wazazi, mtoto akija na habari nzito, neno la kwanza liwe la shukurani kwamba amekuja. Hasira zina wakati wake. Mlango ukifungwa siku hiyo huenda usifunguliwe tena.

Ndugu zetu, hatuahidi kwamba baada ya haya hakuna mtoto wetu atakayeteleza. Wapo waliolelewa vyema wakateleza, na wapo walioteleza wakawa bora kuliko sisi. Tunachokiahidi ni kwamba mama mwengine akija baada ya sala ya Ijumaa, kwa sauti ya chini, hataulizwa nani mwengine anajua. Ataulizwa: mtoto yuko wapi sasa, na lini tutaweza kukaa naye?

Tuinue mikono yetu.

Ewe Mola wetu, Uliyetukusanya katika nyumba hii na katika mwezi huu, wahifadhi vijana wetu, wa kiume na wa kike, walio hapa na walio mbali. Walio katika uraibu wape njia ya kutoka, na uwape watu wa kuwashika mkono. Walio gerezani kwa sababu hii wafariji, na waliotangulia mbele ya haki katika hali hiyo uwarehemu, kwani Rehema Yako ni pana kuliko madhambi yetu. Kijana yule wa mama yetu, ambaye wengine wanamjua na wengine hawamjui, Wewe unamjua kwa jina lake. Mthibitishe, umponye, na umrudishe kwa mama yake. Tusamehe sisi tuliomwambia vibaya. Zifanye ndimi zetu kuwa sitara, na nyumba zetu kuwa kimbilio. Tufikishe Lailatul Qadri tukiwa na nyoyo zilizosafika, na utupokelee saumu zetu, sala zetu na dua zetu.

Wabillahi tawfiq. Karatasi za ahadi ziko mezani, pamoja na kalamu. Tunawaomba wenye nafasi ya usiku wa 21 wabaki kidogo waandike majina yao.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.